Kwa Mpwa Wangu, Unaporithi Makopo ya Wino

Mpwa wangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu ya macho yangu. Si kwamba sioni. Nikivaa miwani sindano naitunga uzi mwenyewe. Lakini jicho la binadamu lina lenzi, na lenzi hiyo huzidi kuwa ya manjano kadiri umri unavyokwenda. Nuru ya buluu inayopita hupungua, na mwenye jicho hatambui kwa kuwa badiliko lenyewe huja polepole mno. Mzee wa umri wangu anaweza kuapa kwamba samawati mbili ni moja, na kijana aliyesimama pembeni akaona wazi kwamba moja ina ukijani. Mtu wa namna hiyo hana haki tena ya kusema neno la mwisho juu ya rangi ya mteja. Mashine za kuchapia nitakukabidhi taratibu. Chumba cha rangi nakukabidhi leo.

Kompyuta unaijua kuliko mimi, sina la kukufundisha huko. Ninachokuachia ni yale yanayotokea katikati: pale rangi moja inapotakiwa ikae juu ya kitambaa, juu ya karatasi, juu ya plastiki ya bango na ndani ya kioo cha simu, kisha watu wote waseme ni ile ile. Hapo ndipo wateja wanapogombana nasi, na hapo ndipo kiwanda kidogo kama chetu kinapopata jina au kulipoteza.

Chukua harusi, maana hapa Dar es Salaam harusi ndizo zinazotulisha. Kamati imekaa, bibi harusi mtarajiwa amechagua damu ya mzee na dhahabu. Shangazi mmoja katupa picha kwenye kundi la WhatsApp, wote wamejibu kwa vidole gumba. Fundi wa sare akaenda Kariakoo na picha hiyo kwenye simu yake. Mpambaji wa ukumbi akaiangalia kwenye simu yake. Mwoka keki vivyo hivyo, na wewe mchapaji wa kadi ukaifungua kwenye kompyuta yako. Siku ya siku sare zinavuta ukahawia, kadi zinavuta zambarau, bango la mlangoni ni jekundu kabisa, na keki ni ya pinki. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alifuata kwa uaminifu rangi aliyoiona, na hakuna hata wawili walioiona moja. Lawama zikianza humwangukia mchapaji, kwa sababu kadi ndiyo iliyotangulia kufika mikononi mwa watu.

Kwa hiyo sikiliza hili, ndilo kubwa kuliko yote nitakayokuandikia: anza na kile ambacho hakibadiliki. Satini iliyoko dukani imeshatiwa rangi kiwandani, huwezi kumwambia mwenye duka aikolezee kidogo. Plastiki ya stika ya kukata herufi nayo inakuja na rangi zake, unachagua iliyopo. Wino wa kadi unachanganyika. Kioo cha kompyuta kinakubali karibu chochote unachokiamuru. Basi mpangilio wa kazi ni huo huo: kwanza kitambaa, kisha stika na rangi za kupaka, kisha karatasi, na mwisho kabisa picha ya kutuma kwenye simu. Vijana wa usanifu mnafanya kinyume. Mnachagua rangi kwenye kioo kwa kuwa ndiko mlikokaa, halafu mnatumwa mjini kutafuta kitambaa cha kufanana na nuru ya umeme. Hakipo. Hakijawahi kuwapo.

Sababu yake unaijua kwa maneno, ila nataka uijue kwa mkono. Kioo hutoa nuru. Kina vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu, na vyote vikiwaka kwa nguvu unapata weupe. Wino hautoi nuru yoyote. Unapokea nuru inayopita hadi kwenye karatasi, unaimeza sehemu, na kinachobaki kinarudi jichoni. Sayani humeza wekundu, majenta humeza ukijani, njano humeza ubuluu. Kadiri unavyorundika wino ndivyo unavyozidi kuiba nuru. Ndiyo maana kuna rangi za kioo ambazo wino nne za mashine haziwezi kuzifikia hata ukipiga magoti: ile buluu kali ya umeme, kijani kinachong'ara, chungwa linalowaka. Ile buluu ndiyo inayosumbua zaidi, maana ukiiachia programu iibadilishe yenyewe, hutoka zambarau. Punguza majenta. Ukiwa na sayani asilimia 100, majenta isizidi 70 kwa hesabu ya kuanzia, kisha uone kipande. Na mteja aonyeshwe kipande hicho kabla hajalipa, awe ameshazoea kwamba buluu ya kadi yake itakuwa tulivu kuliko ya simu.

Simu nimeikuta ukubwani, kwa hiyo huenda utasema mjomba ana chuki nayo. Sina. Simu ni nzuri kwa kuhakiki majina, tarehe, jina la ukumbi na mpangilio wa maandishi. Mteja asome, akubali, aandike "sawa". Lakini rangi isikubaliwe kwenye simu hata siku moja. Mmoja ana simu inayokoleza kila kitu ili picha zipendeze, mwingine kioo chake kimepunguzwa mwanga kuokoa chaji, wa tatu amewasha ile hali ya usiku inayotia unjano ili macho yasichoke, na hana habari kwamba imewaka. Kioo chako mwenyewe pia hubadilika kadiri kinavyozeeka. Kipime kwa kifaa cha kupimia rangi kila mwezi, kiwashe muda kabla ya kukiamini, na usikiweke mkabala na dirisha. Mwanga wake upunguze. Wengi wenu mnafanya kazi kwenye vioo vinavyowaka kupita kiasi, halafu mnashangaa kazi iliyochapwa inaonekana imefifia. Karatasi haiwezi kuwaka zaidi ya taa inayoiangaza.

Sasa twende kwenye nuru, maana wengi hudhani rangi imo ndani ya kitu. Mnunuzi mzoefu Kariakoo akipenda kitambaa hakubali kukilipia ndani ya duka. Anakivuta hadi mlangoni, anakikunjua juani, anakigeuza. Hakusoma kitabu chochote cha rangi, lakini amegundua jambo ambalo wenye maabara huliita metamerizimu: vitu viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Wino wako umetengenezwa kwa kemikali zake, satini imetiwa rangi kwa kemikali nyingine. Chini ya taa za tyubu za karakana vinapatana. Ukumbini usiku chini ya balbu za manjano, kadi inageuka kahawia na sare inabaki nyekundu. Huwezi kulimaliza tatizo hilo, kwa sababu huwezi kutia rangi ya kitambaa juu ya karatasi. Unaloweza ni kuuliza swali moja ambalo wachapaji wengi hawaulizi: kadi hii na sare hizi zitaonwa pamoja wapi, na saa ngapi? Kama ni ukumbini usiku, angalia usiku, chini ya balbu ya namna ile.

Kwa kazi za kila siku dunia imekubaliana juu ya nuru. Wachapaji hutumia ile inayoitwa D50, yenye Kelvini 5000. Wenye nguo na wenye rangi za kupaka hutumia D65, Kelvini 6500, yenye ubuluu kidogo zaidi. Basi kiwanda cha nguo kikikuletea kipande na kusema kimepitishwa, uliza kilipitishwa chini ya nuru gani kabla hujaanza kukifuata kwenye karatasi. Taa zetu mbili za kuangalizia ziko juu ya meza ya kijivu. Zibadilishe kwa saa za matumizi zilizoandikwa kwenye boksi lake. Taa ya namna hii huharibika rangi ikiwa bado inawaka vizuri tu.

Umeme ukikatika, tumia dirisha. Lakini hapa kuna jambo ambalo utalisoma vibaya kwenye vitabu. Vitabu vya Ulaya vinasema tumia dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti upande huo na nuru ya anga hubaki tulivu. Usinakili. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linatupitia kaskazini. Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya mwaka meza yangu unaiona ikiwa kwenye dirisha la kusini, na Oktoba naivuta upande wa pili. Mafundi walinicheka kwa miaka mingi wakidhani nakimbia joto.

Ukiwa hapo mezani, angalia pia kilicho jirani ya rangi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kile cha mazulia ya kupamba kuta. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, hasa zikifumwa karibu na buluu na zambarau. Akazipima, akazilinganisha na nyeusi za kwingine, asione kasoro. Rangi ya nyuzi ilikuwa nzima. Rangi jirani ndizo zilizokuwa zikiipokonya weusi wake machoni mwa mtazamaji. Alilifanyia kazi jambo hilo hadi akatoa kitabu kizima mwaka 1839. Sisi huku tulikuwa na ushahidi huo mabegani mwa mama zetu: tazama kanga yoyote ambayo wekundu wa pindo ndio huo huo wa mji. Penye mpaka mweusi wekundu unaruka, penye uwanja mweupe unatulia. Mteja akikulalamikia kwamba nembo yake kwenye fulana ya kijani haifanani na ile ya kwenye bahasha nyeupe, kabla hujagusa kopo kata karatasi ya kijivu, itoboe matundu mawili, uzifunike zote mbili kiasi kwamba zionekane rangi tu bila mazingira yake. Mara nyingi ugomvi unaishia kwenye matundu hayo. Kama hauishi, mteja ana haki.

Na wewe mwenyewe usivae nguo za rangi kali chumbani humo. Shati jekundu hutupa wekundu juu ya karatasi unayoikagua. Nilipoajiriwa nikiwa kijana katika chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo, tulivalishwa makoti ya kijivu, nikadhani ni ubahili wa mwajiri.

Kuhusu kuchanganya wino sitakuandikia mengi, kazi hiyo inafundishwa kwa kisu na kibao cha kioo. Anza na rangi nyepesi, ongeza kali kidogo kidogo. Nyeusi ni kama pilipili, ikishaingia haitoki. Pima kwa mizani, andika gramu, maana mteja atarudi baada ya mwaka na wewe utakuwa umesahau. Halafu vuta wino kwenye karatasi ile ile ya kazi. Sisemi karatasi inayofanana nayo, ile ile. Karatasi ya kung'aa huuacha wino ukae juu, na ukikauka unabaki na mng'ao. Karatasi ya bondi huunyonya, na kile ulichokiona kibichi kinafifia kikikauka. Subiri ikauke ndipo uhukumu. Na kama kadi itavishwa plastiki, ivishe kwanza ndipo umwonyeshe mtu: plastiki ya kung'aa hukoleza, ile isiyong'aa hupoza, na nyeusi ndiyo inayoumia zaidi.

Kitabu cha Pantone utakikuta kwenye droo ya juu. Kabla ya kitabu hicho kila mwenye kiwanda cha wino alikuwa na nyekundu yake na jina lake. Lawrence Herbert, aliyeinunua kampuni hiyo Marekani mwaka 1962, mwaka uliofuata alitoa mfumo wa namba na maelekezo ya kuchanganya, na tangu hapo mtu wa Nairobi anaweza kumtajia mtu wa Guangzhou namba wakaelewana. Ni jambo kubwa. Lakini tazama herufi iliyo mwisho wa namba. C ni karatasi ya kung'aa, U ni isiyong'aa; wino ni ule ule, sura ni mbili, na kuna namba ambazo ukizilinganisha utadhani mtu amekosea kuchapa. Nguo zina kitabu chake cha vipande vya pamba, na namba zake ni nyingine kabisa. Msanifu anayekuletea namba ya karatasi akitaka fulana, mrudishe kwa upole.

Kitabu chenyewe huzeeka. Karatasi yake huwa njano, wino wake hupauka, vidole vyetu navyo vinakichafua. Wenyewe wanashauri kibadilishwe kila miezi 12 hadi 18. Kina bei, najua. Kununua kipya kila mwaka na nusu kutakuuma, lakini usikubali mteja na wewe mfanye kazi kwa vitabu viwili vya umri tofauti na kuitana kwa namba kana kwamba mnaona kitu kimoja. Usiwe mtumwa wa namba iliyomo ndani ya faili pia. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya Adobe na Pantone kuachana katika mambo ya leseni, kuna watu walifungua faili zao za zamani za Photoshop wakakuta sehemu zenye rangi hizo zimegeuka nyeusi. Aliyekuwa na kipande cha karatasi kwenye bahasha aliendelea na kazi.

Weupe utakutesa kuliko rangi zote, na hakuna atakayekuonea huruma kwa kuwa watu hudhani weupe ni weupe. Bibi yako alikuwa akisuuza shuka kwa bluu ya kufulia, ile buluu kidogo ikaufuta unjano wa pamba. Viwanda vya leo vinatia kwenye karatasi na nguo dawa inayopokea miale isiyoonekana ya jua na kuirudisha kama nuru ya buluu. Ndiyo maana shati jipya jeupe linawaka nje na kutulia ndani. Kadi ya rangi ya maziwa uliyoilinganisha na shela ndani ya karakana inaweza kutoka nje ikaonekana chafu kando ya shela hiyo hiyo. Kwa kazi za maharusi nasisitiza: shela, kadi na riboni vitoke nje pamoja, kivulini, mchana, kabla ya kuchapa nakala ya kwanza.

Kuna rangi nyingine ambayo mteja haichagui kwenye kitabu na ndiyo utakayohukumiwa nayo: rangi ya uso wa mtu. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, na filamu zenyewe zilipangwa kwa ngozi ya namna ile. Nyuso zetu zilitoka zimezama gizani, meno na macho yakibaki peke yake. Kwa simulizi za waliofanya kazi huko, filamu ilianza kurekebishwa sana baada ya wateja wakubwa kulalamika, watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwamba rangi zao za kahawia hazitofautiani. Mbao zilisikilizwa mapema kuliko watu. Sasa filamu haitumiki sana, ila ubaya huo unaweza kurudi kwa mlango wa wino. Kwenye picha za ratiba za misiba na kadi za harusi, ngozi nyeusi hubebwa na njano na majenta, njano ikizidi kidogo. Sayani ikizidi, uso unapauka kama wa mgonjwa. Ukiibebesha nyeusi kazi yote, kivuli cha shavu kinakuwa shimo. Usikubali programu ifanye uamuzi huo peke yake. Familia inayomzika mtu wake haitakwambia kwamba uwiano wa sayani umezidi. Itasema huyu siye, na itakuwa imesema sawasawa.

Utauliza basi "inafanana" maana yake nini, ikiwa nuru, karatasi, jirani na jicho vyote vinacheza. Wenye sayansi wamejaribu kuipa namba. Tume ya kimataifa ya nuru, CIE, mwaka 1976 ilitoa mfumo wa CIELAB, ambamo kila rangi ina namba tatu: wepesi au weusi wake, nafasi yake kati ya wekundu na ukijani, na nafasi yake kati ya unjano na ubuluu. Umbali kati ya rangi mbili huitwa delta E. Ikiwa karibu 1, jicho lililofunzwa linaanza kuona tofauti kama vipande vimegusana. Kanuni za kimataifa za uchapaji wa ofseti zinavumilia hadi 5 kwa wino kuu nne, na kazi nyingi nzuri unazozisifu zimekaa humo. Spektrofotometa yetu itakupa namba hiyo kwa sekunde chache. Iheshimu, maana haizeeki lenzi kama mimi. Lakini usimwonyeshe mteja namba kama ngao. Jicho husamehe rangi iliyopungua ukali kidogo na halisamehi rangi iliyohama kuelekea nyingine. Kijivu kilichoingia ukijani kwa 3 kinachukiza kuliko nyekundu iliyokolea kwa 5. Fomula ya delta E ya mwaka 2000 imelirekebisha jambo hilo kwa sehemu. Itumie hiyo, kisha angalia kwa macho.

Ndipo yanakuja makubaliano, ambayo mimi nayaona ndiyo kazi yenyewe. Mteja akija, asikutajie rangi kwa jina. Damu ya mzee ya Tanga siyo ya Mwanza. Ugoro, maji ya kunde, chungwa bivu, kila mtu ana lake kichwani. Aje na kitu: kipande cha jora, kifungo, jani la karatasi. Kama hana, mpe vipande vyetu achague. Kipande kikate viwili, aweke sahihi nyuma ya vyote, chake aondoke nacho na chako kiingie kwenye bahasha ya kaki. Andika tarehe, nuru mliyoangalizia, na karatasi. Mwambie palepale ni wapi hakitafanana, kabla pesa haijatoka mfukoni: "Dada, bango la plastiki litakuwa na wekundu zaidi ya kadi, hatuwezi kulizuia hilo, lakini kadi na sare zitapatana." Nimeona wateja wengi wakiukubali ukweli huo kwa urahisi siku ya kwanza. Maneno hayo hayo ukiyasema siku ya kuchukua mzigo, yanaitwa visingizio.

Sare zinunuliwe jora moja, au majora ya mkupuo mmoja. Ukimwona fundi anaongezea mita tatu kutoka duka jingine, mwonye mwenye harusi mapema, hata kama kitambaa siyo kazi yetu. Na ukikagua kitambaa kikunje mara nne, vinginevyo utakuwa unakagua meza kupitia kitambaa. Satini na mahameli zielekeze upande mmoja, maana zikigeuzwa hubadilika.

Kazi nyingine zikatae. Atakuja mtu anataka kadi ing'are kama kioo cha simu, kwa bei ya wino nne, kwenye karatasi ya bondi. Zipo wino za kuwaka, ziko makopo mawili kwenye rafu ya chini. Mwonyeshe na umtajie bei yake na kwamba hupauka upesi juani. Akikataa, aende kwa amani. Kuna mchapaji atakayemwahidi. Usimfuate huyo katika ahadi zake.

Bahasha za vipande ziko kwenye kabati la bati, gizani, zimepangwa kwa mwaka. Daftari la fomula lina jalada lililochanika, usilinakili kwenye kompyuta bila kulinganisha gramu na kipande chenyewe, kwa maana baadhi ya wino tulizoanzia hazitengenezwi tena. Fundi wetu mkuu anajua kuosha roli lakini haoni vizuri nyekundu na kijani. Karibu mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili yuko hivyo katika jamii zilizopimwa sana, na yeye mwenyewe aliniambia siku ya kwanza, ndiyo maana namwamini kwa kila kitu kingine. Rangi zikague wewe.

Kwaya ile inayokuja kila Novemba kwa kadi za Krismasi itafika wiki zijazo. Kipande chao kiko kwenye bahasha ya mwaka walioshona majoho. Majoho yenyewe yamepauka kwa jua na kufuliwa, hayafanani tena na kipande. Waulize wanataka kadi zifuate majoho kama yalivyo leo au kama yalivyokuwa siku yaliposhonwa, na jibu lao waliandike nyuma ya kipande kipya kabla hujafungua kopo.

Nakuombea macho marefu.

Mjomba wako